Njoo Ijumaa

Mimi ni fundi cherehani wa barazani hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni, na kwa miaka zaidi ya 30 nimeitwa mwongo na watu wa kila dini na kila chama. Siwalaumu. Fundi akikuambia "njoo Ijumaa", maana yake ni kwamba kitambaa chako bado kimo ndani ya mfuko ule ule uliokuja nao, na ikifika Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kula Krismasi, huwa nina Ijumaa nyingi kuliko kalenda yenyewe. Kwa sababu hiyo nilijiona sina haki ya kuisema serikali, hadi nilipotambua kwamba serikali nayo ni fundi mwenzangu, tena fundi mkuu, na mimi mbele yake ni mwanagenzi tu.

Chukueni hiyo nguo inayoitwa Katiba. Ilishonwa mwaka 1977, wakati wa chama kimoja, na kufikia mwaka 2005 ilikuwa imekwisha kufanyiwa mabadiliko mara 14. Nasema kama mtu wa kazi: suruali yenye viraka 14 haiitwi tena suruali, inaitwa kumbukumbu.

"Kuulizwa, tumeulizwa sana, Fundi," hunikumbusha mwalimu mmoja mstaafu anayekalia benchi langu kila asubuhi bila kuniletea hata kifungo cha kushona. Ni kweli. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilituuliza kama tunataka chama kimoja au vyama vingi, na takriban asilimia 80 ya waliojibu wakasema kimoja kinatosha. Mimi nilikuwa miongoni mwao, jambo ninalolijutia hadi leo, kwa sababu vyama vingi ni sare nyingi. Tume ikawasikiliza wachache, vyama vingi vikarejea mwaka 1992, na watu wakaisifu kwa busara. Mwaka 1998 ikaja Kamati ya Jaji Robert Kisanga. Walio wengi wakasema muungano wa serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, unatosha, kamati ikapendekeza tatu, na ya Tanganyika ikiwemo, na Rais Mkapa akaikataa hadharani. Kuwaacha wengi mara ya kwanza kulikuwa busara na mara ya pili kukawa kosa, na mwalimu mwenyewe, pamoja na chaki zote alizozimaliza darasani, ameshindwa kunifafanulia tofauti.

Lakini oda kubwa, ya katiba mpya, ilikuwa ya mwaka 2012. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima ikichukua vipimo vya wananchi, nami nilivaa koti langu la kijivu nikaenda mkutanoni nikiwa na hoja saba kichwani. Aliyenitangulia alizungumzia mipaka ya mashamba kwa hisia nzito, nikamkumbuka shemeji yangu aliyeninyang'anya migomba minne, na zamu yangu ilipofika nikajikuta ninaihutubia Jamhuri ya Muungano kuhusu migomba. Hoja saba nilizikumbuka nikiwa ndani ya daladala.

Hata hivyo kitambaa kilikatwa. Desemba 2013 Tume ilikabidhi rasimu ya pili, yenye serikali tatu. Tuseme shati la mifuko mitatu. Mwaka uliofuata shati likapelekwa Dodoma, kwenye Bunge Maalum lenye wajumbe zaidi ya 600, waliolipwa posho ya shilingi 300,000 kwa siku, na baadhi yao wakalalamika kuwa haitoshi. Jamani, mimi kwa shilingi 300,000 ningemshonea kila mjumbe suti, na bitana juu yake! Aprili 2014 UKAWA, kundi la wajumbe wa upinzani, likatoka nje, waliobaki wakaendelea kushona, na Oktoba shati likatoka na mifuko miwili. Tuliambiwa tukalijaribishe kwenye kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015. Kura ikaahirishwa, na shati lingali limetundikwa ukutani. Makamu mwenyekiti wa Bunge lile ndiye Rais wetu wa sasa, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba fundi haijui nguo inayodaiwa.

Sikatai kwamba kazi ndogondogo zimefanyika. Mikutano ya hadhara ya vyama, iliyozuiwa tangu mwaka 2016, iliruhusiwa tena Januari 2023, na wiki hiyo nilipokea oda tatu za bendera. Kikosi Kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala nacho kilikuwa kimekwisha kutuuliza yale yale. Kisha, mwaka huo huo wa 2023, ikatangazwa kwamba wananchi tupewe kwanza elimu ya katiba kwa miaka mitatu. Hapo nilivua kofia. Katika uongo wangu wote wa miaka 30, sijawahi kuthubutu kumwambia mteja aliyefuata gauni lake kwamba akasome kwanza masuala ya magauni, miaka mitatu, ndipo arudi.

Kuhusu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata sina mzaha. Watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa, na barazani kwangu ilisikika sauti ya pedali peke yake. Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na tangu hapo benchi langu limegawanyika: mwalimu anasema tusubiri, kijana wa bodaboda anasema "Mzee wangu, mimi kusubiri nimerithi kwa baba", na mama muuza ndizi hasemi kitu, anainua nyusi tu. Siku hizi maoni mengi ya wananchi yanatolewa kwa nyusi. Sijui kama kuna tume inayoweza kuyaandika.

Nilikuwa nikiyaeleza hayo yote kwa ufasaha mkubwa, mkasi hewani, alipofika mama mmoja wa Pasua aliyeniachia kitambaa cha gauni la kipaimara cha binti yake.

"Shikamoo, Fundi. Nimefuata gauni."

"Marahaba, mwanangu. Limebaki pindo tu. Njoo Ijumaa."

Akamtazama mwalimu, akaitazama bodaboda, kisha akanitazama mimi.

"Ijumaa ya kwako, au ya hao uliokuwa unawasema?"

Kisha akavuta kigoda, akakaa, akaniambia kwa adabu zote kwamba pindo si kazi kubwa, atasubiri hapo hapo. Imebidi niiname chini ya meza nianze kuutafuta mfuko wake.