Je, Mpigaji Mpira Anastahili Nafasi Moja Kati ya 85?

Tangu 1994, chuo cha Marekani kilicho katika daraja la juu la futiboli ya Kimarekani kiliruhusiwa kufadhili masomo ya wachezaji wasiozidi 85 kwa wakati mmoja, kikomo kilichoshushwa kwa awamu kutoka 105 cha miaka ya 1970 ili kubana matumizi na kuzuia vyuo vyenye fedha kulimbikiza vipaji. Ndani ya kikomo hicho, makocha walilumbana juu ya wachezaji watatu ambao huingia uwanjani kwa dakika chache tu: mpigaji anayetafuta pointi tatu kwa kuupitisha mpira kati ya nguzo za goli, mpigaji anayeupeleka mbali timu yake inapokwama, na mrushaji anayeurudisha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake ili wenzake hao waupige.

Ugumu ulitokana na kanuni yenyewe. Katika daraja hilo, mchezaji aliyepokea ufadhili hata kidogo alihesabiwa nafasi nzima, ilhali katika daraja linalofuata, lenye nafasi 63, kocha aliweza kuzigawa na kumpa mpigaji robo tu. Kumfadhili mpigaji kulimaanisha kumkosa mtu wa mstari wa mbele, mahali ambapo wachezaji huumia kila mara. Isitoshe, kijana wa sekondari ni vigumu kumpima, kwa kuwa huko anaruhusiwa kuuinua mpira kwa kibao kidogo anapotafuta pointi tatu, kibao ambacho chuoni hakipo.

Ndiyo maana wengi walisema mpigaji aje kwa gharama zake, ajithibitishe, kisha afadhiliwe. Mfano wao mzuri ni Rodrigo Blankenship wa Chuo Kikuu cha Georgia, aliyepewa ufadhili Septemba 2017 baada ya mpira wake kuipa timu ushindi wa 20–19 dhidi ya chuo cha Notre Dame, na mwaka 2019 akatwaa tuzo ya Lou Groza ya mpigaji bora. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haisemi ni nani aliyekuwa akilipa karo wakati kocha akisubiri. Ni familia ya kijana, na mfumo unaomtaka mtu ajilipie kwanza huwachuja wasio na uwezo kabla kipaji chao hakijaonekana.

Upande wa pili hutaja gharama ya kukosa mpigaji. Mwaka 2013 timu ya chuo cha Alabama ilishindwa katika majaribio manne ya pointi tatu dhidi ya chuo cha Auburn, na mpira wa mwisho, uliopungukiwa nguvu, ulidakwa na mchezaji wa Auburn aliyekimbia nao uwanja mzima na kuipa timu yake bao la ushindi wa 34–28. Hata hivyo, mimi hushawishika zaidi na Tory Taylor, mpigaji wa kuupeleka mpira mbali, kijana wa Melbourne aliyepitia kituo cha mafunzo cha Prokick Australia na kufika Chuo Kikuu cha Iowa akiwa mtu mzima tayari. Mwaka 2023 aliweka rekodi ya vyuo kwa kupiga jumla ya yadi 4,479 katika msimu mmoja, akiwa katika timu iliyoshinda mechi 10 licha ya safu dhaifu mno ya ushambuliaji. Nafasi aliyochukua Taylor ililipa kuliko ya wachezaji wengi wa akiba, na kwa mpigaji aliyekomaa namna hiyo sioni sababu ya kusitasita. Kwa kijana wa miaka 18 ningesubiri.

Juni 2025 hesabu ilibadilika. Mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na kwa vyuo vilivyojiunga nayo kikomo cha ufadhili kiliondolewa, kikawekwa kikomo cha kikosi: wachezaji 105, ambao wote wanaweza kufadhiliwa. Kwa mtazamo wa kwanza wapigaji wamepona. Lakini zamani wanaojilipia hawakuwa na kikomo cha namna hiyo, na vikosi vingi vilipita watu 110, hivyo kocha aliweza kuwashindanisha wapigaji kadhaa bila kupoteza chochote. Sasa hata asiyelipwa senti anachukua kiti. Atakayeumia zaidi, kwa maoni yangu, si mpigaji wa kwanza, ambaye ufadhili wake umekuwa rahisi kuutetea, bali wa pili na wa tatu, pamoja na mrushaji wa akiba, ambaye kocha atamkumbuka siku mrushaji wake pekee atakapoumia kifundo cha mkono katikati ya mechi.