Oman 2011 haikuwa shwari hivyo
Kuna mwandishi anasema Oman ilipita salama mwaka 2011, wakati wa maandamano ya nchi za Kiarabu, kwa vile watu wake wapole na walimpenda Sultani wao Qaboos, yaani kama hakukutokea kitu, hapana jamani, mimi nilikuwa Muscat na nina ndugu mji wa Sohar, pale kwenye raundabauti ya Globu vijana walipiga kambi na kuna waliouawa. Kweli wengi walibeba picha za Qaboos, hawakutaka aondoke, walitaka ajira, mishahara na mawaziri wanaokula rushwa watolewe. Na wakasikilizwa kwa sababu waliingia barabarani, si kwa upole! Mawaziri wakabadilishwa, zikaahidiwa ajira 50,000, anayetafuta kazi riali 150 kwa mwezi, Majlis Shura, baraza linalochaguliwa na wananchi, ikaongezewa nguvu kidogo kwenye kutunga sheria. Lakini 2012 wakakamatwa wanaharakati na waandishi kwa kosa la kumtukana Sultani, hilo mwandishi kalipita kabisa na mimi linaniuma maana ndio upande wa pili wa hayo mageuzi. Mei 2021 vijana wakatoka tena Sohar, kilio kilekile cha kazi. Nyie mlioko Sohar na Salalah, zile ajira za mwanzo ziliwafikia kweli?