Chaki nyekundu mlimani Igogo

Wakuu, mwalimu wetu wa jiografia ya miji alikuwa hachoki kutuambia data haiko darasani iko mtaani. Haya. Tukagawanywa wawili wawili, mi na jamaa yangu tukaangukia Igogo, ule mlima wa mawe na mabati ukitoka Mwanza mjini kwenda Mkuyuni. Maelekezo: nyumba ya kwanza mnaipata kwa bahati nasibu, afu kila nyumba ya tano mnaingia na dodoso, msije mkachagua wenye sura ya ukarimu tu.

Aliyetunga huo utaratibu hajawahi kupanda Igogo. Nyumba moja iko juu ya jiwe, ingine chini ya jiwe hilohilo, ya tatu mlango wake unatazamana na choo cha ya pili, sasa we niambie ya tano ni ipi, na humo humo ndani kuna kaya sita kila moja na mlango wake, unahesabu nyumba au milango? Ukiwasha GPS ya simu katikati ya yale majabali nayo inachanganyikiwa, kuna mama anauza chapati ramani ikamuweka ziwani kabisa, akasema afadhali, kuanzia leo sato hanunui.

Namba za anwani za makazi zilizoandikwa 2022 nyingi zishafutika, ikabidi tuweke alama zetu maana ukizunguka jiwe moja unajikuta unamhoji mtu yuleyule. Jamaa akanunua chaki. Kuta nyingi zina chokaa, nyeupe haionekani, akachukua nyekundu. Na alama ya haraka kuliko zote ni ipi? X. Mtanzania yeyote anayesoma hapa ashaelewa kilichofuata.

Sisi tunapanda, huku chini habari inatembea. Walioona X wakajua ni bomoabomoa, kwa hiyo wakawa wanataja mali ili fidia inenepe, mzee mmoja vyumba viwili akasema ni gesti, banda la kuku akaliita godauni. Upande wa pili wa mlima wao walisikia tunaandikisha kaya maskini, huko hakuna mwenye kitu. Nimeuliza dada mmoja kama ana tivii akasema hapana kaka, na nyuma ya pazia mtangazaji anapiga kelele Simba wamepata kona. Nikaandika hapana, dodoso halina sehemu ya pazia.

Na tuliowaruka je? Hao ndo walikuwa moto. Bibi mmoja katukamata njiani, namsalimia mwadila mayu, hata haitikii, anataka kujua jirani yake ana nini cha zaidi mpaka aandikwe yeye arukwe. Jaribu kumweleza bibi wa Kisukuma habari za sampuli juani saa saba. Tukamuandika.

Tunafika karibu na kileleni simu ya mwenyekiti wa mtaa inaita, tushuke ofisini haraka. Barua ya utambulisho alikuwa nayo tangu asubuhi, kaigonga muhuri mwenyewe, ila pale nje kuna baba mwenye nyumba anatetemeka kwa hasira. Wapangaji wake wote wamegoma kulipa kodi. Wanasema nyumba ina X, hela ya miezi mitatu watampaje mtu wa nyumba inayovunjwa? Akataka tumwandikie karatasi kuwa nyumba yake haivunjwi. Tukaandika, mwenyekiti akagonga muhuri, tukapewa ndoo na tambara, tukapanda tena mlima wote kufuta, watoto nyuma wanatuimbia.

Tunashuka jioni, magoti yamekwisha, kijana mmoja akatufuata mpaka barabarani anaangalia kushoto kulia. Nikajua ni kipigo sasa. Akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Bro, mi napanga pale nyumba ya bluu, mmeturuka. Hiyo chaki imebaki?"