Mkeka wa mechi kumi: hesabu ambayo makala haikuigusa

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi kijana wa kipato kidogo anavyoweza kuweka elfu moja akavuna laki kadhaa kwa mkeka wa mechi kumi, yaani dau moja linalolipa pale tu mechi zote kumi zikitokea kama alivyobashiri. Upande wa pili umeuruka, na ndio wenye pesa.

Chukua mechi ambayo kila upande una nafasi nusu kwa nusu. Odi ya haki, yaani mara ngapi ya dau unalipwa ukishinda, ni 2.00; kampuni ya kubeti inakupa, tuseme, 1.90. Kwa mechi moja, faida yao ni asilimia 5. Ukiunganisha kumi za aina hiyo, odi ya haki ingefika 1,024, lakini utalipwa kama 613. Yaani kwa wastani kampuni inabaki na asilimia 40 ya dau! Hata ruleti ya Ulaya yenye sifuri moja, ule mchezo wa gurudumu wa kasino ambao watu wanauogopa, hubakiza asilimia 2.7 tu.

Ndiyo maana bonasi za mikeka mirefu haziishi. Anayebeti kwa burudani wikiendi abaki na mechi moja au mbili, kwa pesa ambayo hata ikipotea kodi ya nyumba haiguswi. Naomba gazeti lichapishe hesabu hii kando ya picha za washindi.