Mgeni wa Bustani

Viwanja vya Luchelele ni kama vingine vya Mwanza: mawe juu ya mawe, udongo unauokota katikati ya jabali na jabali. Mke wangu akataka bustani humo humo. Muuza miche akatujazia kirikuu: miashoki ya getini, bogenvilia za ukutani, na viroba vya nyasi za paspalamu ambazo bei yake hadi leo nawaficha ndugu zangu.

Aliyefurahi kutuzidi ni mzee jirani, mwenye mahindi na matembele kule chini karibu na maji. Kila asubuhi ananisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, ng'wanawane!" kisha anachuchumaa kuzipima nyasi kwa vidole. "Usizikate. Ziache zinenepe." Nikisafiri anamwagilia mwenyewe, kwa ndoo yake. Nikamwambia mke wangu, unaona? Ujirani bado upo duniani.

Usiku mmoja nikasikia kitu kinakwanyuliwa nje, pole pole, na pumzi nzito. Wezi! Nikatoka na bukta, panga na tochi. "Nani hapo?" Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyopanga. Tochi ikagonga ukuta wa kijivu. Nikajiuliza, nani kajenga hapa bila kuniambia? Ukuta ukageuka. Una masikio.

Nilivyorudi ndani sijui. Mke wangu anasema nilipita dirishani, ila dirisha lile lina nondo.

Tukachungulia. Kiboko hula kama kilo 40 za nyasi kwa usiku, tena hatumii meno, anazikata kwa midomo, taratibu, kama mtu aliyelipia. Alipomaliza akaugeuzia makalio ukuta niliotoka kuupaka rangi ya maziwa, akaanza kujisaidia huku mkia unapiga kushoto na kulia. Dume huweka alama ya eneo lake hivyo. Basi alama ikafika mpaka kwenye taa ya kibarazani.

Asubuhi mzee akaja, ndoo mkononi. Hakushtuka hata kidogo.

"Ulisimama upande gani?"

"Huku mlangoni."

"Afadhali. Ungemzibia njia ya ziwani, saa hizi tungekuwa tunachangishana."

Akazunguka anakagua. Paspalamu imenyolewa kipara, mwashoki mmoja umelala chini, bogenvilia tu ndiyo imesalimika kwa sababu ya miiba yake. Nikamwambia basi, nang'oa vilivyobaki, namwaga kokoto uwanja mzima.

Mzee akaruka. "Kokoto! Ng'wanawane, usifanye hivyo! Mwaka jana alinimalizia mahindi yote yule. Jana kapita katikati ya shamba langu, hajaonja hata jani. Moja kwa moja kwako!"

Mke wangu akanitazama. Mimi nikaitazama ndoo.

Mzee naye hakuwa na muda wa maongezi, alishaanza kumwagilia.