Mtu Ambaye Kocha Hawezi Kumpinga

Ukiniuliza ni kitu gani cha shule za Marekani ningependa kukiona Vihiga, kwetu Kenya, sitataja kompyuta wala basi la manjano. Nitataja mtu mmoja anayesimama pembeni mwa uwanja na mkoba wake kiunoni. Hana filimbi wala kikosi, lakini akisema mtoto huyu hachezi tena leo, kocha anameza mate na kumwita wa akiba.

Hapa Minnesota nimewazoea kiasi kwamba nashangaa wageni wanapowaona kwa mara ya kwanza. Kwa Kiingereza huitwa athletic trainers; mimi nitawaita watabibu wa wanamichezo. Wakenya wenzangu wengi hudhani ni makocha wadogo wa mazoezi ya viungo, jambo linalowaudhi kwelikweli. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1950, chama cha madaktari wa Marekani kikawatambua rasmi kuwa wahudumu wa afya mwaka 1990, na siku hizi anayeingia kwenye kazi hiyo husoma hadi shahada ya uzamili kisha hufanya mtihani wa bodi. Watabibu hawa hufunga vifundo vya miguu kabla ya mechi, hupima joto la uwanjani, husimamia mazoezi ya goti lililofanyiwa upasuaji, na hujua mashine ya kushtua moyo imewekwa wapi. Dunia iliwaona Januari 2, 2023, Damar Hamlin, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Buffalo Bills, alipoanguka uwanjani Cincinnati moyo ukiwa umesimama. Aliyemkandamiza kifua alikuwa Denny Kellington, mmoja wa watabibu wa timu. Hamlin alipona na akarudi kucheza.

Huo ni mpira wa mabilioni ya dola, na huko huduma haikosekani. Mimi nazungumzia shule ya kawaida ya serikali, ile anayosoma binti yangu, ambako nyasi za uwanja zina vipara na wazazi huuza keki kuchangisha pesa za jezi.

Msimu uliopita aligongana vichwa na mchezaji wa timu pinzani wakigombea mpira wa juu. Akainuka, akajipangusa, akataka kuendelea. Mtabibu wa shule alikuwa ameshaingia uwanjani. Akamuuliza maswali machache, akamtazama macho, akamtembeza kwenye mstari, kisha akamtoa. Mechi ilikuwa sare na dakika zilikuwa zinayoyoma. Kocha hakufungua mdomo. Sheria ya Minnesota ya mwaka 2011 inasema mtoto mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo atatolewa, na hatarudi mpaka mhudumu wa afya aliyefundishwa mambo hayo ampime na kuandika kwamba anaruhusiwa. Baada ya ruhusa anarudi kwa hatua, kwanza kukimbia polepole, kisha mazoezi bila kugusana, na mechi inakuja mwisho kabisa. Kila hatua huchukua angalau siku moja, na dalili zikirudi naye anarudi nyuma. Binti yangu alinuna kama mtu aliyenyang'anywa urithi.

Sheria hizo zilianzia jimbo la Washington mwaka 2009, baada ya mvulana wa miaka 13, Zackery Lystedt, kurudishwa uwanjani akiwa ameumia kichwa mwaka 2006. Aliponea chupuchupu, akabaki na ulemavu. Ndani ya miaka mitano majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Sasa twende nyumbani. Mimi nililelewa na mpira wa mikono. Shule yetu ya bweni ilikuwa na metroni na chumba cha wagonjwa chenye vitanda vya chuma na Panadol, lakini metroni hakukanyaga uwanjani hata siku ya mashindano ya wilaya, maana siku hizo kaunti hazijaja. Uwanjani tulikuwa na mwalimu wa michezo, ndoo ya maji, na ile dawa ya kupulizia inayotia ganzi. Golikipa wetu alipigwa mpira usoni, kisogo kikagonga mlingoti. Mwalimu akammwagia maji, akamwonyesha vidole, akauliza ni vingapi. Akajibu sawasawa. "Jikaze kisabuni," akaambiwa, akarudi langoni. Usiku alitapika bwenini, sisi tukasingizia maharagwe. Muhula mzima alilalamika kwamba akifungua kitabu herufi zinacheza, na walimu wakamwita mvivu. Leo kazi yangu ni uuguzi, na mgonjwa akinisimulia hadithi ya namna hiyo siendi kutafuta maharagwe.

Yule mwalimu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa kocha, mlezi, mweka hazina wa nauli na daktari, yote kwa mpigo, na mwalimu mkuu alimpima kwa kitu kimoja tu: kombe. Ukimpa mtu wa namna hiyo kazi ya kuamua kama golikipa wake pekee atoke, unajua atakavyoamua kabla hajafungua mdomo. Hata mimi ningeuliza vidole ni vingapi.

Kila nikizungumzia haya, mtu wa nyumbani huniambia kwamba mitikisiko ya ubongo ni ugonjwa wa wazungu na mpira wao wa kuvaa helmeti, mbona sisi tulicheza na hatukuona kitu. Kuna utafiti kutoka Chicago uliowasilishwa mwaka 2012 mbele ya madaktari wa watoto ambao ningependa kila mwenye hoja hiyo ausikie. Walilinganisha wasichana wa soka na mpira wa kikapu katika shule zenye mtabibu na zisizo naye. Majeraha kwa jumla yalikuwa mengi zaidi kwenye shule zisizo na mtabibu, na majeraha ya kujirudia kwenye soka yalikuwa kama mara sita zaidi. Lakini mitikisiko ya ubongo iliyoandikwa kwenye soka ilikuwa mara nane zaidi kwenye shule zenye mtabibu. Je, wale wasichana waligongana zaidi kwa sababu kuna mtu pembeni? Hapana. Walitambuliwa. Kule kwingine walionekana wamechoka, wakapewa maji, wakarudi kucheza. Basi tukisema Kenya hatuna tatizo hilo, tunatoa ushahidi wa watu ambao hawakuwa na wa kuwaangalia.

Utafiti wenyewe usingekuwapo bila hao watu. Anayesimama pale kila jioni ndiye anayeandika nani ameumia, wapi, na amekaa nje siku ngapi. Kwetu shule inaweza kukueleza magoli ya mwaka 1998 moja baada ya jingine, lakini hakuna daftari la magoti.

Nisije nikaonekana nimelewa Marekani. Taasisi ya Korey Stringer ya Chuo Kikuu cha Connecticut ilihesabu shule za sekondari za umma, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asilimia 70 hivi zilikuwa na huduma ya mtabibu ya namna fulani, na asilimia 37 tu ndizo zilikuwa na wa kudumu. Shule za mitaa ya watu wa kipato kidogo ndizo hukosa zaidi, na ndiko wahamiaji wengi tunakoanzia maisha. Binamu yangu aliyehamia jimbo jingine ana mtoto anayecheza mpira wa kikapu shule isiyo na mtabibu kabisa, na kocha pale anaonyesha vidole vilevile vya mwalimu wangu.

Huyo Stringer mwenyewe alikuwa mchezaji wa Minnesota Vikings. Alianguka kwa kiharusi cha joto mazoezini Mankato, jimbo hili hili, akafariki Agosti 1, 2001, akiwa na miaka 27. Joto la mwili wake lilipita digrii 42. Inasikitisha zaidi ukijua kwamba kiharusi cha joto kinachotokana na mazoezi kina dawa rahisi kuliko karibu dharura yoyote ninayoifahamu: mzamishe mtu kwenye maji ya barafu palepale, mpoze kwanza, ndipo umpeleke hospitali. Kwenye mbio za Falmouth kule Massachusetts walihesabu wagonjwa 274 wa kiharusi hicho katika miaka 18, wakazamishwa kwenye mabeseni ya barafu, na hakuna hata mmoja aliyekufa.

Hata hivyo mwaka 2018 Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini na hakuzamishwa. Alifariki wiki mbili baadaye. Watabibu walikuwapo, na chuo kilikiri kwamba waliokuwa na dhamana ya kumtunza walikosea. Wakati huo kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kwa vyuo vikubwa zilikuwa tayari zinasema uamuzi wa kitabibu ni wa mhudumu wa afya na kocha haruhusiwi kuupinga. Kwa hiyo usinitajie vyeti na mashine peke yake. Cheti bila ujuzi wa siku ya dharura, na ujuzi bila mamlaka, vyote ni mapambo.

Kuna mahali nyumbani tunawapita Wamarekani, na hili huwa nalisema kwenye mikutano ya wazazi mpaka wamenichoka. Mtoto wa hapa huchagua mchezo mmoja akiwa na miaka minane na kuucheza mwaka mzima, na wazazi hulipa maelfu ya dola kwa klabu. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi 1,544 katika shule 29 za Wisconsin, jirani zetu, na ripoti yao ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba waliojifunga sana kwa mchezo mmoja waliumia miguu kwa asilimia 85 zaidi kuliko wale wenye michezo mchanganyiko. Kenya ratiba ya mihula inawalazimisha watoto kubadilisha: muhula wa kwanza riadha, hoki, mpira wa mikono, wa pili soka, netiboli, voliboli. Hiyo ni kinga ya bure ambayo Mmarekani anaitafuta kwa semina. Naomba tusiiharibu kwa kuiga hizi akademia za mchezo mmoja zinazochipuka kila kona.

Mdogo wangu ni mwalimu wa michezo katika shule ya kutwa kijijini kwetu. Nilipomweleza haya yote alicheka. "Dada, chaki yenyewe tunahesabu." Ana haki. Hata bima ya EduAfya, iliyowalinda wanafunzi wa sekondari za umma tangu 2018, ilifika mwisho Desemba 2023. Mtoto akivunjika mguu leo, mwalimu anaanza kwa kumpigia simu mzazi aulize kama ana chochote.

Lakini hoja ya umaskini ina mipaka yake. Basi la kwenda mashindano ya mkoa hulipiwa, na fulana zenye picha ya mheshimiwa hupatikana. Vyuo vya serikali vya mafunzo ya tiba, KMTC, vinatoa maafisa wa tiba (clinical officers) na wataalamu wa tiba ya viungo kila mwaka, na wengi wao wako nyumbani wakisubiri ajira. Sihitaji mtu wa shahada ya uzamili kila shule. Mmoja kwa kundi la shule jirani, awepo siku za mechi na atembelee mazoezi, tayari ni tofauti kubwa. Beseni kubwa, barafu ya mwenye duka la samaki, na daftari. Mdogo wangu alikubali hayo yote, kisha akauliza swali lenyewe: "Nani atamwajiri?"

Hapo ndipo naomba tusikosee. Akiajiriwa na mwalimu mkuu, tumemwongeza kocha msaidizi. Atamtoa mshambuliaji kwenye fainali mara moja, na muhula ujao mkataba wake hautaonekana. Awe chini ya idara ya afya ya kaunti, na chama cha michezo ya shule za sekondari kiandike kwenye kanuni zake kwamba mchezaji aliyetolewa na mhudumu wa afya hawezi kurudishwa na mtu mwingine yeyote, na timu itakayomrudisha inapoteza mechi. Kanuni hiyo haigharimu shilingi. Tuna kanuni kali sana za vyeti vya kuzaliwa na umri wa wachezaji, na timu hupokonywa ushindi kwa hizo kila msimu, kwa hiyo kusimamia tunaweza tukitaka.

Hili lina mkondo mrefu kuliko shule. Oktoba 2022 kitengo cha uadilifu cha riadha duniani kilisema Wakenya 10 walikuwa wamepatikana na triamcinolone acetonide, dawa iliyopigwa marufuku mashindanoni, ndani ya miaka miwili, huku dunia nzima iliyobaki ikiwa na wawili tu. Dawa hiyo hospitalini huchomwa kwenye kiungo kilichovimba. Wapo waliotafuta kudanganya, sikatai. Lakini fikiria kijana aliyekimbia tangu shule ya msingi bila kukutana hata mara moja na mhudumu wa afya anayemjua kwa jina na asiyelipwa kutokana na ushindi wake. Goti likimuuma akiwa na miaka 20, atamuuliza nani? Atamuuliza mwenzake wa mazoezi, na mwenzake anamjua mtu mwenye duka la dawa, na mwenye duka ana sindano.

Mdogo wangu amesema atalipeleka suala la kanuni kwenye kikao cha walimu wa michezo wa kaunti ndogo kabla ya muhula wa pili. Wenzake watamuuliza ikiwa dada yake wa Marekani atalipa. Nimemwambia awaeleze kwamba beseni nitanunua.