Jua Halizami Baharini Paje

Kazi yangu ni kuchora kwa kompyuta picha za majengo ambayo bado hayajajengwa, na naifanya kwa kujitegemea hapa Unguja, bila ya kuajiriwa na kampuni yoyote. Msanifu hunipa ramani, nami huzigeuza kuwa modeli ya pande tatu, nikaivisha kuta, mwanga, miti na watu, kisha nikatoa picha ambayo mnunuzi ataitazama kabla ya msingi kuchimbwa. Naamini kwamba picha hiyo ni sehemu ya mauziano yenyewe, na kwa hivyo mchoraji ana dhamana juu ya ukweli wake, sawa na dhamana aliyonayo mhandisi juu ya nguzo.

Nalisema hili kwa sababu ya picha zinazotangaza nyumba za pwani ya mashariki. Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe zote zinaelekea kunakochomoza jua, na hata hivyo tunaombwa kuchora baraza ya nyumba ya Jambiani inayotazama jua likizama baharini, kwa kuwa rangi za magharibi huuza. Anayetaka kuliona jua likizama baharini atakwenda Kendwa au Fumba, au atakaa Forodhani. Michamvi Kae ni ya pekee, kwani ingawa iko upande wa mashariki wa kisiwa, inatazama magharibi kuvuka ghuba ya Chwaka. Huko picha ya machweo ni halali kabisa.

Hili si suala la uzuri peke yake. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini ya Ikweta, kwa hivyo mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, na mwezi wa Disemba huhamia upande wa kusini likiwa juu zaidi. Ukuta wa kaskazini ulio kivulini katika picha ya Disemba utapigwa na jua ifikapo Juni, na ni kwa kuliona hilo mapema ndipo msanifu anapoweza kuamua upenu utoke kwa urefu gani. Programu nyingi tunazotumia, ikiwemo Blender ambayo hutolewa bure, zinaweza kuliweka jua mahali pake kwa kufuata latitudo, tarehe na saa. Anayelisogeza kwa mkono hadi lipendeze anakuwa ameitupa faida kubwa kuliko zote ambazo kazi hii inaweza kumpa mjenzi.

Bahari nayo ina saa zake. Katika picha za mauzo maji yamejaa daima, ilhali pwani ya mashariki hupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, bahari hurudi nyuma sana kuelekea mwambani, ikaacha mchanga, majani na vigingi vya mwani. Mwani umekuwa ukilimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake wa vijiji hivyo. Mwekezaji mmoja aliwahi kunitaka niviondoe vigingi vilivyo mbele ya nyumba zake, akidai kwamba vinachafua mandhari. Nilimchorea picha mbili, moja ya maji kujaa, ambayo vigingi vimefunikwa, na moja ya maji kupwa, ambayo vinaonekana pamoja na kina mama wakiwa kazini. Alizilipia zote mbili, akatangaza ya kwanza tu. Mnunuzi aliyeahidiwa bahari tupu atakapofika na kuwakuta wakulima mbele ya mlango wake, atawaona wao kuwa ndio wavamizi, na ugomvi huo utakuwa umeanzia kwenye picha.

Katika Mji Mkongwe udanganyifu ni wa ndani zaidi. Vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Mchoraji akitumia lenzi pana kupita kiasi, chumba hicho hugeuka ukumbi. Tena kuna suala la kuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa hauwi laini kama kioo, una mawimbi na madoa, na chokaa hiyo ndiyo inayouwezesha kutoa unyevu. Picha ikionyesha ukuta ulionyooka na kung'aa, mwenye nyumba atamdai fundi ukuta kama ule, na fundi atalazimika kutumia sementi, ambayo huufungia unyevu ndani hadi ukuta ukaanza kuoza. Nimeliona hili mitaani, na linaniuma, kwa sababu uharibifu unaanza kwa picha iliyosifiwa na kila mtu.

Kwa nini basi wachoraji wanakubali? Wengi wetu hatuna mshahara. Kompyuta ni yetu, kadi ya michoro ni yetu, umeme wa kukokotoa picha usiku kucha tunaulipa sisi, na malipo hutegemea mteja aridhike mwishoni; katika hali hiyo ni vigumu mno kumwambia kwamba jua halizami upande anaoutaka. Ndiyo maana nashikilia kwamba nusu ya malipo itolewe kabla ya kuanza, na kwamba mwezi, saa na hali ya maji vikubaliwe kwa maandishi pamoja na idadi ya marekebisho. Mchoraji aliyekwisha kulipwa nusu ana nafasi ya kusema kweli.

Ningependa kila picha ya nyumba inayouzwa kabla ya kujengwa iandikwe pembeni inaelekea upande gani, ni ya mwezi na saa gani, na maji yako wapi. Maandishi hayo ni mstari mmoja mdogo, hayaongezi gharama, na wanaotoa vibali vya ujenzi wanaweza kuyadai pamoja na ramani. Wapo wenzangu wanaohofia kwamba wateja watakimbilia kwa wachoraji wa nje wasioijua pwani yetu. Wateja wengine tayari wako huko, wakiletewa picha zenye minazi isiyoota hapa na watu waliovaa makoti, na sidhani kwamba njia ya kushindana nao ni kuchora vitu hivyo hivyo kwa bei ya chini.